Brashi ya nywele za nguruwe, mume wangu, na mwanamke aliyekuwa akimnyoa Korogwe

Wakuu, salaam zenu. Walionizidi umri shikamooni, ingawa humu nadhani mko wachache. Wengine wote marahaba, hata kabla hamjanisalimia.

Juzi nimepita kwenye uzi mmoja vijana wanabishana kuhusu brashi za kupakia povu la kunyolea ndevu. Huyu anasema ya nguruwe, yule anasema ya plastiki inatosha. Mmoja akauliza, nani ana experience na haya mambo?

Nikacheka peke yangu. Mimi ni bibi, sina ndevu, lakini brashi ya nguruwe naijua kuliko wengi wenu. Nusura nyumba yangu ivunjike kwa ajili yake.

Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, na pale ambapo sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Tulikuwa tumeshahamishwa kutoka mashambani, tukapangwa kwa mistari upande wa Kwaluguru, Handeni. Nyumba yangu na ya jirani zilitazamana kiasi kwamba mtu akikohoa kule, wewe huku unasema pole.

Mume wangu, nimwite Yohana, alikuwa dereva wa lori la ushirika. Anapakia mahindi na pamba, anapita Segera, anashusha Korogwe. Wakati mwingine analala huko akisubiri mzigo wa kurudi nao.

Sasa Yohana alikuwa na ndevu za kujikunja. Alikuwa ananyoa kwa wembe na sabuni ya mche, ile ya kufulia, maji baridi, haraka haraka kabla hajawasha gari. Shingo yote vipele. Akivaa shati lenye kola anageuza shingo kama mtu aliyelalia shingo vibaya.

Mimi nilishazoea. Ndiye mume niliyeolewa naye, na vipele vyake.

Kisha siku moja akarudi kutoka Korogwe, kidevu laini kama cha mtoto.

Nikamshika shavu nikasema, "Baba Esta, leo umependeza. Nani kakunyoa?"

Akasema, "Kinyozi tu."

Wanawake wenzangu mtanielewa. Ile "tu" ndiyo iliyonikaa.

Safari iliyofuata hivyo hivyo. Na iliyofuata tena. Vipele vikapotea. Akawa ananukia sabuni ambayo dukani kwetu haikuwepo, maana enzi zile hata ya kufulia mlikuwa mnapanga foleni. Na kabla ya kwenda Korogwe akawa anapiga pasi shati. Shati la kupakia magunia!

Jirani yangu Bi Mwanahawa, mtu wa swala tano na mdomo usio na breki, akaniambia, "Mama Esta, mwanaume hapendezi bure. Kuna mtu anampendezea."

Wakuu, wivu nimeuonja. Msiamini wanaosema wivu unakaa moyoni. Wangu ulikaa tumboni. Nilikuwa nasonga ugali halafu nashindwa kuula.

Nikamwambia Yohana kwamba nataka kwenda kumwona shangazi yangu Mashewa, anipeleke hadi Korogwe. Alisita kidogo. Mimi kule kusita kwake nikakuweka akiba.

Tulipofika akaniteremsha stendi, akasema anakwenda kushusha mzigo. Nikamuaga. Kisha nikamfuata kwa mbali, kitenge nimejifunika kichwani.

Alishusha mzigo kweli. Baadaye akakata nyuma ya soko, akaingia kwenye ua mmoja wenye uzio wa mabua. Nikachungulia.

Mume wangu amekaa kwenye kiti, kichwa kimeegemea nyuma, taulo shingoni, macho ameyafumba. Na mwanamke amesimama pembeni yake anazungusha brashi kwenye shavu lake, polepole, povu jeupe limejaa hadi masikioni.

Naomba mnielewe hapa. Sikuwakuta kitandani. Nilijua nisingewakuta, ulikuwa mchana, kuna wateja wengine wawili kwenye benchi wanasubiri zamu. Kilichoniuma ni ule uso. Yohana alikuwa amepumzika. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuuona uso wake umetulia vile. Na aliyepewa kuutuliza si mimi.

Nikapiga hodi kwa sauti ya ugomvi.

Yohana akafumbua macho, akataka kuinuka. Yule mwanamke akambonyeza bega akae. Akanitazama, akasema, "Karibu. Bila shaka wewe ndiye Mama Esta."

"Ndiye mimi. Na wewe ni nani yake?"

"Kinyozi wake. Naitwa Fransiska."

Wale wa kwenye benchi wakaacha mazungumzo yao.

Baadaye ndiyo nikajua habari zake. Mumewe alitoka naye kusini kuja kukata mkonge, akaishia kuwa kinyozi wa wafanyakazi wa shamba. Alipofariki, Fransiska akabaki na kiti, kioo, wembe wa kukunja na brashi. Watu walimsema sana, mwanamke ananyoa wanaume. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, wakaja.

Siku ile sikujua hayo wala sikutaka kujua. Nikamwambia, "Nipe hiyo brashi. Mume wangu namnyoa mwenyewe."

Nilitegemea anitukane. Akanyoa shavu la kulia hadi mwisho, akaisuuza brashi, akanipa.

"Haya. La kushoto lako."

Wakuu, nilichukua ile brashi kwa hasira nikaisugua kwenye sabuni, nikampaka Yohana. Povu likatoka, halafu likapotea. Nikapaka tena, likapotea. Shavu likabaki na utelezi wa ovyo kama mtu aliyepakwa uji.

Fransiska akasema, "Nilipoisuuza nimeikung'uta ikakauka. Hizi ni nywele za nguruwe, dada. Zinakunywa. Usipozinywesha maji kwanza, zitakunywa povu lako."

"Nguruwe?"

"Nguruwe. Wale Waislamu pale kwenye benchi wana yao ya nywele za farasi, iko kwenye kopo jingine. Marehemu mume wangu alinifundisha nisichanganye kamwe."

Akanipa bakuli la maji ya vuguvugu. Si ya moto, akasema, ya moto yanalegeza gundi nywele zinang'oka. Nikaiacha imo hadi ikalegea. Kisha akaniambia nisikandamize. Mimi nilikuwa nakandamiza kama nasugua sufuria. "Ncha ndizo zinafanya kazi. Iache icheze."

Ikacheza. Povu likapanda.

Wembe nao nikaudai. Hapo wakuu nilimkata. Chini ya kidevu, si sana, lakini damu ilitoka. Yohana hakusema neno. Kati ya wanawake wawili na wembe, ungesema nini?

Nikatoka pale nimeshinda, au nilidhani hivyo. Kwa shangazi Mashewa nilikwenda baadaye, lakini kwanza nikaingia kwenye duka la Mhindi mmoja, nikaulizia brashi ya kunyolea.

Zilikuwa zimebaki mbili. Moja ina mpini wa mti, mbaya mbaya, nywele fupi ngumu kama ufagio wa choo. Nyingine mpini unang'aa rangi ya maziwa, nywele ndefu laini. Nikachukua inayong'aa. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko ya Fransiska. Sababu nyingine sikuwa nayo.

Vijana, hapa ndipo pa kuchukua somo kuhusu kuchagua. Ile nzuri ilikuwa inanyonyoka. Kila nikimpaka Yohana, anabaki na nywele za nguruwe usoni juu ya zake mwenyewe. Ukitaka kununua, shika nywele karibu na mpini, vuta kidogo. Zikitoka nyingi, irudishe. Moja mbili si neno. Na usiogope ugumu wa mwanzo. Nywele za nguruwe zinapasuka ncha taratibu kadiri unavyozitumia, na hapo ndipo ulaini unapokuja. Ile laini ya dukani mimi iliniliza.

Safari yake nyingine nikamwagiza Yohana aniletee ile ya mpini wa mti. Akaileta. Ilinuka mnyama aliyelowa! Nikaiosha kwa sabuni, nikaacha povu ndani yake, nikaisuuza kesho yake, nikarudia hivyo hadi harufu ikaisha. Nikaitundika nywele zikiangalia chini, juu kabisa karibu na dari, mbali na vyombo, kwa sababu Bi Mwanahawa alikuwa anakula kwangu na mimi nakula kwake. Alipojua ni ya nini alisimama mlangoni akasema, "Mama Esta, umeshinda, lakini hiyo kitu isishuke nikiwepo." Haikushuka.

Basi nikawa namnyoa mume wangu. Asubuhi, nje, kwenye kigoda. Nafuata zilipolala nywele, sipandishi wembe, na vipele havikurudi. Majirani wakawa wanapita wakicheka. Mimi sijali.

Lakini uso wake haukutulia kama kule.

Akitoka Korogwe anarudi na ndevu zake, hajanyolewa, mimi nafurahi, ila yeye amenuna kama mtu aliyefukuzwa mahali. Nikaanza upya. Wivu haukuisha, ulibadilisha swali tu. Mwanzo niliuliza kwa nini anakwenda. Sasa nauliza kwa nini haendi.

Nikashindwa kuvumilia. Nikapata lifti, nikaenda Korogwe mwenyewe, kisingizio sabuni.

Fransiska alikuwa anafagia ua. Hakushangaa. Akanipa kiti, kile kile cha kunyolea.

Nikamuuliza moja kwa moja, "Dada, mume wangu haji tena kwako. Kuna nini?"

Akasema, "Mimi nilimkataza."

"Kwa nini?"

Akafagia kidogo, akasimama. "Mteja akikaa pale anafumba macho. Mumeo alikuja wiki nyingi anafumba macho. Baada ya wewe kutoka hapa, akaja tena, akawa hafumbi, ananitazama. Nikamwambia, Yohana, nenda kwa mkeo, na kwangu usirudi."

Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mwongo.

"Angekuwa mwanaume mwingine ningemvumilia," akasema, "wananitazama kila siku, ndiyo kazi yenyewe. Lakini wewe nilishakupa brashi mkononi."

Nilitaka kumchukia nikakosa pa kushikia. Na hilo nalo liliniuma. Ningependa awe mbaya. Alinipa kipande cha sabuni ya kunyolea, nikakipokea, nikarudi nyumbani nimekaa juu ya magunia.

Kesho yake asubuhi nikamketisha Yohana. Nikaloweka brashi, nikampaka, nikachukua wembe. Nilipofika kooni nikasema, "Fransiska anakusalimu."

Koo lake likapanda, likashuka, chini ya wembe. Nililiona.

Akauliza, "Kasema nini?"

"Kasema ulianza kufumbua macho."

Angeweza kukataa. Nilikuwa nataka akatae, nipate sababu ya kupiga kelele kijiji kizima kisikie. Povu likaanza kukauka.

"Ndiyo," akasema. "Nilifumbua. Hakuna zaidi ya hapo, Mama Esta, lakini nilifumbua."

Machozi yakanitoka, mkono na wembe viko pale pale kooni kwake. Hakujisogeza hata kidogo.

Nikamwambia, "Basi fumba sasa, nimalize."

Akafumba. Nikamaliza. Halafu nikaenda ndani nikalia hadi nikachoka, na chakula siku ile alijipikia mwenyewe, kikaungua.

Sikusamehe siku ile, wala mwezi ule. Ilichukua muda mrefu, na asubuhi nyingi za kigodani. Kuna siku nilimnyoa bila sisi kusalimiana. Lakini ni vigumu kuendelea kumchukia mtu ambaye kila siku anakuinulia shingo mwenyewe. Polepole uso wake ukaanza kulala mikononi mwangu. Siku niliyouona umetulia kabisa sikumwambia. Nilipitisha brashi mara ya pili bila sababu.

Fransiska mashamba ya mkonge yalipolegea alirudi kwao kusini. Sikuwahi kumwona tena. Namkumbuka kwa heshima, na bado ananikera. Vyote viwili.

Yohana amefariki, miaka michache sasa. Alipata kiharusi, akalazwa. Siku moja nafika wodini namkuta nesi, binti mzuri, meno meupe, ameshika kiwembe cha plastiki na povu la kopo, anataka kumnyoa. Kwa wema wake tu, jamani.

Nikamwambia, "Mwanangu, weka chini hiyo."

Akasema, "Bibi, pumzika, mimi nitamnyoa babu."

Nikamwambia, "Huyo hanyolewi na mtu."

Binti akacheka akadhani natania. Yohana, ambaye maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, akacheka upande mmoja wa mdomo. Nikatoa brashi yangu, nikaomba maji ya vuguvugu.

Somo langu ni nini? Kwa vijana wa brashi: chukua ya nguruwe, iloweke kabla, usikandamize, usiitie maji ya moto, na uivumilie mwanzoni. Kwa wenye wivu, sina dawa. Mimi wangu haukupona, ila niliupa kazi ya kufanya kila asubuhi.

Wanaosema wivu ni utoto waje hapa waniambie. Na nyie wanaume mnaonyolewa saluni siku hizi, hebu semeni ukweli, mnafumba macho au mnafumbua? Nasoma comment zote, hata za matusi. Karibuni.