Anemoni wa Nuhu Ahamia kwa Bushra

Nuhu, dereva mstaafu wa lori pale Mtito Andei, ana tangi la kioo sebuleni. Madereva wenzake humletea maji ya bahari kwa mitungi kutoka Mombasa, na ndani anaishi anemoni, mnyama anayefanana na ua. Nuhu humlisha uduvi mwenyewe, akijisifu kwa wageni kwamba mnyama huyo anaujua mkono wake.

Wiki hii anemoni aliachia jiwe alilokuwa amejishikiza, akaanza kutambaa kuelekea upande ambako Bushra, mke wa Nuhu, hushona nguo chini ya taa.

"Amekuchoka, Baba Khalid," Bushra akamtania. "Anataka kukaa na warembo."

"Wee! Anafuata taa tu!" Nuhu akafoka, roho ikimuuma. Akaizima taa. Bushra akaiwasha.

Asubuhi Nuhu akamkuta anemoni mbele ya mdomo wa pampu inayozungusha maji ya tangi, minyiri yake ikivutwa ndani. Angesogea kidogo tu, angesagwa. Nuhu akazima pampu haraka, akaufunika mdomo kwa sponji, ili anemoni apite salama kuelekea upande wa Bushra.

Kisha akamsukumia Bushra bakuli la uduvi.

"Mlishe wewe," akasema bila kumtazama. "Lakini usimzoeshe sana."