Waya Mweusi wa Injini ya Mzee Mgaya

Naikumbuka vizuri siku ambayo Mzee Mgaya alileta injini ya boti kwenye karakana niliyokuwa nafanyia kazi hapa Makambako. Ilitoka ziwani, kule chini Ludewa, ikapandishwa milima juu ya magunia ya dagaa mpaka Njombe, kisha huku kwetu kwenye upepo. Nilikuwa kijana, mwanangu, fundi umeme wa malori. Injini ya boti sikuwahi kuigusa, lakini kwangu kusema "sijui" kulikuwa kugumu kuliko kushusha injini ya lori peke yangu.

Mzee alinieleza kwamba inazima yenyewe, kisha inawaka ikipenda. Nilipofungua kifuniko nilikuta nyaya zimeliwa na unyevu, zimeota ukungu wa kijani. Nikafanya nilivyozoea kwenye malori: nikakata penye kijani, nikasokota shaba kwa shaba, nikazungushia tepu.

Sasa nisikilize hapa. Nilipomenya waya wa kwanza, shaba ya ndani ilikuwa nyeusi. Niliiona. Nilijua kabisa kwamba shaba iliyo nzima hung'aa, na nyeusi imeshaliwa. Lakini nje dereva wa lori alikuwa ananipigia honi, nikasema moyoni itatosha, nikaifunika.

Tukatumbukiza injini kwenye pipa la maji. Ikanguruma kwa mvuto wa kwanza wa kamba. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, nami nikavimba kichwa.

Baada ya wiki mbili akarudi na injini ile ile, ameisukuma kwenye mkokoteni kutoka stendi. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi juu ya tairi. Hakupaza sauti. Alisema alikuwa akimpeleka mkwe wake, aliyeshikwa na uchungu, kwenye zahanati ya kijiji cha pili. Kule milima inaingia ziwani, barabara hakuna, watu hupita majini. Katikati ya safari injini ikazima. Wakapiga kasia mpaka viganja vikachubuka, na mtoto akazaliwa humo humo botini, mama akitokwa na damu nyingi.

"Wamepona?" nikauliza.

"Wamepona, ila si kwa kazi yako. Kijana, lori likizima watu wanashuka. Sisi tungeshukia wapi?"

Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Nikabandua tepu zote. Nikamenya kila waya kurudi nyuma mpaka nikakuta shaba inayong'aa. Mmoja ulikuwa mweusi mwanzo mpaka mwisho, nikautupa nikaweka mpya. Kila kiungo nikakilehemu, nikakivisha mpira, nikapaka grisi maji yasiingie. Ilinichukua siku mbili, na mzee alikaa pale pale akikagua kila waya kabla sijaufunika. Alikuwa na haki hiyo, ingawa iliniuma.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimenya waya ukakuta weusi, endelea kukata. Injini kuwaka mbele ya macho yako haitoshi; jiulize ikizima itazimia wapi, na nani atakuwa amepanda. Usichokijua, sema hukijui. Na ukiona kasoro ukaifunika, usiseme umekosea, sema umedanganya.

Mungu akupe macho ya kuona, na moyo wa kukubali ulichokiona. Na kila utakayemfanyia kazi afike kwake salama.