Harufu Waliyoitafuta Mdomoni mwa Mwimbaji

Miaka ile ya Zaïre, mwimbaji wetu wa mtaa wa Dilala, ambaye nyimbo zake zilipigwa redioni kila Jumapili, alikufa kwa homa. Alikuwa ameacha lutuku, ile pombe kali ya mahindi, tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe, na mtoto huyo sasa alikuwa anasoma shule. Lakini nani alisadiki? "Homa gani? Ni lutuku ile," watu walisema hata kwenye foleni ya bomba la maji.

Kwenye kilio niliketi chini na wanawake wenzangu, karibu na jeneza. Jirani yangu, mama wa kanisa kabisa, akaingia akilia kwa sauti, akamwinamia marehemu kama anayemuaga. Nikaona pua yake inavyohangaika. Alikuwa anamnusa mdomo! Hasira zikanipanda, nikamfuata nje.

Kumbe alikuwa ametumwa na wanaume waliozunguka moto; mmoja wao akamuuliza:

"Mama, umesikia harufu?"

"Hata kidogo," akajibu. "Bamemuosha muzuri sana, juu ya kuficha ile harufu."

Wote wakaitikia kwamba ndivyo, kisha wakaendelea kupokezana kikombe chao cha lutuku.