Mndimu wa Mama Ndani ya Ndoo

Mama yangu alikuwa na mndimu uliopandwa kwenye ndoo ya rangi. Tangu baba afariki alikuwa mpangaji Port Reitz, Mombasa, na kila mwenye nyumba alipomwambia ahame, alibeba vyombo, godoro na ndoo ile. Mimi nilikuwa Maskati, mpishi wa hospitali, na nia yangu ilikuwa moja tu: nimnunulie nyumba asihamishwe tena na mtu.

Kununua nyumba ukiwa ng'ambo ni kumwamini mtu usiyemjua. Dalali wangu alikuwa bibi wa Kisauni ambaye mama alifahamiana naye kwenye foleni ya hospitali. Akinionyesha nyumba kwa simu ya video, alianza na mtaa mzima. Shikamoo huku, marahaba kule, huyu mguu umepoa, yule mjukuu ameanza chuo. Mimi sina subira, na muda wangu wa mapumziko ulikuwa unayoyoma.

"Bibi, nionyeshe choo!"

"Choo hakikimbii, mwanangu. Nyumba wainunua na majirani zake."

Siku moja alinionyesha nyumba Frere Town, na moyo wangu ukatulia pale pale. Ilikuwa na baraza pana, madirisha ya kijani na vyumba vyenye hewa, tena bei yake ilikuwa nafuu ajabu. Nikamwambia tumalize leo leo.

"Mbona huulizi ardhi ni ya nani?" akasema.

Nilicheka. Sisi watu wa bara tunajua nyumba imesimama juu ya shamba la mwenyewe. Huko kwetu swali hilo halina maana. Bibi hakucheka. Alinieleza kwamba hapa Mombasa nyumba ina mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na hata mnazi ulio uani unaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Ukinunua nyumba bila ardhi, umenunua kuta na mabati. Mwenye ardhi utamlipa kodi yake, na siku akiitaka ardhi yake, utafungasha.

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia waziwazi kwamba anataka kuniuzia nyumba ghali ili shilingi zake za udalali zinenepe. Alimpa simu mwenye nyumba, mzee mpole aliyekuwa ameketi barazani, nami nikamuuliza mwenyewe.

"Wallahi sikuficha, binti yangu," alisema. "Nauza nyumba. Ardhi si yangu, nitaiuzaje? Nilidhani wajua."

Alidhani najua kwa sababu kila mtu pale anajua. Hakuna aliyenidanganya. Ningelipa kwa furaha, na mama angehama tena siku moja, safari hii kutoka nyumba niliyomnunulia mimi mwenyewe. Bibi angeweza kunyamaza, akachukua chake akaenda zake. Hata leo nikikumbuka hilo, namwombea.

Nilimwomba radhi. "Yamepita," alisema, kisha akanikumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, jambo nililostahili kuambiwa.

Tulikaa miezi mingi tukitafuta. Hatimaye alipata nyumba ndogo huko huko Kisauni, ya vyumba viwili, kuta zake hazijapigwa rangi, na uani palikuwa na mchanga mtupu. Baraza haikuwapo. Lakini hati ya ardhi ilikuwapo, na bibi aliifuatilia yeye mwenyewe hadi afisi ya ardhi, akaenda na wakili, akahakikisha jina lililoandikwa ni la yule anayeuza. Hapo ndipo aliponiambia, "Sasa lipa."

Siku mama alipohamia, bibi alinipigia simu ya video ili nione. Mama alikuwa amesimama uani na viatu vyake mkononi, akiutazama ule mchanga kana kwamba umepakwa rangi mpya.

"Ardhi hii ni ya nani?" alimuuliza bibi. Nadhani alikuwa ameshaambiwa mara kumi.

"Yako, mama."

"Na mti nikiupanda?"

"Wako pia."

Mama alipiga magoti, akachimba kwa mwiko wa ugali, akautoa mndimu wake na udongo wake wote, akaushindilia ardhini kwa viganja. Nilikuwa nimeegemea jokofu la hospitali, nalia bila aibu mbele ya wapishi wenzangu.

Bibi aliinua ile ndoo. "Na hii je, niiweke wapi?"

"Ichukue wewe," alisema mama. "Mimi sihami tena."