Nusu ya Yasini kutoka Lindi

Mama alifariki alfajiri, katikati ya masika, siku ambazo barabara ya Lindi kwenda Mtwara ilikuwa inameza malori. Mimi nilikuwa Lindi, natunza stoo ya shule. Mwalimu mkuu aliniita ofisini kwake nipokee simu. Alikuwa mjomba, kaka yake mama, anapiga kutoka posta ya Mtwara. Alinipa habari yenyewe, kisha akasema watazika baada ya adhuhuri, nisijisumbue.

"Nakuja na ndege, mjomba," nilimwambia. Mwalimu mkuu alikuwa ameninong'oneza kwamba ndege ya Dar es Salaam ingetua Lindi mchana ule kabla ya kwenda Mtwara.

"Ndege ni ya wakubwa," mjomba alisema, akakata simu.

Hakuwa mkali. Kwake Lindi ilikuwa safari ya siku nzima wakati wa kiangazi, na masika ulisafiri kwa kumwomba Mungu. Hata mimi nilihesabu hivyo hivyo. Nilichotaka ni kimoja tu: kushuka kaburini, nimpokee mama kwa mikono yangu. Hakuwa na mtoto mwingine.

Nafasi ilipatikana kwa sababu abiria mmoja alishukia Lindi. Mkanda ulinishinda, jirani yangu akanifungia. Nikaanza kumsomea mama Yasini, nikiamini nitairudia hadi ulimi ukauke. Sijafika hata nusu, masikio yakaziba, nikaona minazi inatukaribia. Nilidhani ndege imeharibika.

"Tumefika, ndugu," jirani alisema.

"Wapi?"

"Mtwara."

Nilimtazama. Hakuwa anacheka.

Landrova ya uwanjani ilinifikisha Likombe, hadi makaburini. Jeneza lilikuwa bado juu, watu wamesimama wanaguna. Ndani ya kaburi alikuwa amelala mtani wetu, Mngoni mmoja aliyefanya kazi bandarini. Sisi ni Wayao, na kwetu mtani akija msibani hafukuzwi, hata akifanya vituko gani.

"Toka bwana, muda unakwenda," mjomba alikuwa anambembeleza. "Mtoto yuko Lindi huko."

"Wayao nyie, hata kuzika mnakimbia! Mmeanza kukimbia tangu enzi za babu yangu. Mtoto kasema ndege, mimi nangoja ndege. Asipokuja nifukieni mimi, huyu mama mrudisheni nyumbani."

Hapo watu wakaniona, wakanipisha. Mjomba alinishika mabega, akanitazama miguu. Viatu vyangu havikuwa na tope.

"Umetoka Lindi lini?"

"Sasa hivi, mjomba."

"Na wewe usinitanie. Mmoja ananitosha."

Halafu akaniachia, akajifuta macho kwa kanzu. Nadhani ndipo alipoamini.

Mtani aliinuka, mgongo mzima udongo, akaninyooshea mkono nimvute. "Haya, shuka wewe. Kitanda cha mama yako nimeshakipasha moto."

Watu walicheka, na mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu ile simu. Nikavua viatu, nikashuka.

Mama alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Nilimlaza kuelekea kibla. Kabla hawajanipa mbao za kumfunika, nilimwomba mjomba anivumilie kidogo. Nikamalizia Yasini kuanzia pale pale nilipoishia ndegeni.