Nilivyozungusha Kipanya

Jumamosi niliaibika stationery, na kwa kuwa kanisani wameshasikia, bora niandike mwenyewe.

Baba mdogo alikuja Tabora kutoka Urambo ili nimjazie binti yake, Nyamizi, maombi ya chuo cha uuguzi. Mwisho wa kutuma ulikuwa siku hiyo hiyo, saa kumi jioni. Juu ya ukurasa paliandikwa: "Usipotumia mfumo kwa dakika ishirini, utatolewa." Nikaelewa kwamba kutumia ni mkono kuwa kazini. Kwa hiyo baba mdogo alipofuata cheti alichosahau nyumbani kwetu, nilibaki nazungusha kipanya cha kompyuta kama anayekoroga uji.

Akaingia mke wa mchungaji wetu. Kwetu msichana huamkia kwa kupiga goti. Nikapiga goti, mkono wa kulia ukibaki mezani unazunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mkono una nini?"

"Nashikilia mtandao, mama."

Akanitazama kwa huruma, akaenda zake kutoa kopi.

Baba mdogo akarudi anahema. Nikajaza namba ya cheti, nikabonyeza Tuma. Ikaja: "Muda wako umeisha. Ingia upya." Nilipoingia, fomu ilikuwa tupu.

Kaka wa stationery akainama kutazama. "Ulibonyeza Hifadhi hata mara moja?"

"Hapana. Ila nilikuwa nazungusha."

"Kipanya kinajulikana hapa mezani tu, dada. Huko kwenye mfumo walijua umeshalala."

Foleni ikacheka. Baba mdogo hakucheka. Aliangalia saa ya ukutani, kisha mkono wangu.

"Tumebakiwa na nusu saa, mwanangu," akasema. "Sasa hivi bado unazungusha nini?"