Bega la Mama

Fundi yule wa mtaa wa Pioneer hagusi gari la mtu kabla ya kupangusa mikono kwa tambara, kidole baada ya kidole, kama anayekaribishwa mezani. Mwalimu Ephantus, mstaafu, analijua hilo vizuri. Wiki tatu ameshinda pale kwenye kigoda, akijikanda bega fundi asipotazama, huku gari lake, Pijo ya mwaka wa sabini na mbili, likitiwa pawa stiringi, mtambo wa kulegeza usukani. Siku ya kwanza alijieleza bila kuulizwa: "Mimi sina shida na usukani mzito. Ni Mama tu, analalamika." Fundi akasema "mmh" chini ya boneti, maana huongea na nati zaidi kuliko na watu. Mama mwenyewe, mkewe, hajawahi kuendesha hata baiskeli, lakini Ephantus aliulisha uongo wake kila asubuhi mpaka ukanenepa kama ndama wa malisho ya Kapseret.

Ijumaa kazi ikaisha. Fundi akafumba macho, akazungusha usukani kwa kidole kimoja, akisikiliza. Kisha akashuka.

"Mama ako wapi, ajaribu?"

"Ako kanisa."

"Basi jaribu wewe, utamwelezea."

Ephantus akaingia, akaondoa gari, akavuta usukani kwa nguvu zake zote za zamani, na nusura Pijo ipande ua la jirani. Fundi hakucheka. Aliinama dirishani, akaupangusa usukani taratibu.

"Mwambie Mama asivute hivyo tena, Mwalimu. Hilo bega lake la kulia sasa lipumzike."